Amana Mikononi mwa Mkimbizi

Masomo: Mwanzo 41:33-57, Mwanzo 47:11-12, Luka 16:1-13

Wapendwa katika Bwana, ninyi mlioko Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, nanyi mnaokaa pamoja nasi hapa Kampala, huko Katwe, Nsambya, Makindye na Kisenyi, tunamshukuru Mungu aliyetuvusha mwaka mwingine, wengine kwa chakula, wengine kwa chai tu, lakini wote kwa neema.

Wengi mmekwisha kupata habari ya msiba wetu. Mzee wetu mmoja wa kanisa, ambaye kabla ya vita alikuwa mtu wa benki huko kwetu Kongo, amelala katika Bwana. Jina lake hatuliandiki hapa, maana familia imeomba hivyo, nasi tunajua sababu za wakimbizi kutotaka majina yao yaandikwe. Wakati wa matanga tuliahidi kwamba neno la mwezi huu wa Januari litakuwa la kumkumbuka. Tumeona vema tulitimize kwa njia aliyoipenda yeye mwenyewe, yaani kwa kuanza na noti.

Mzee huyu alikuwa na desturi. Kijana akimjia kulalamika kwamba mkimbizi hana maana katika dunia hii, mzee humwambia, "Toa noti mfukoni." Kijana akitoa elfu moja au elfu tano, mzee humwonyesha sahihi ya Gavana wa Benki Kuu ya Uganda iliyochapwa pale, kisha humwuliza, "Unajua aliyetia sahihi hii alikuwa nani? Alikuwa mkimbizi kama wewe." Vijana wengi walidhani mzee anatania. Hakuwa anatania.

Mwenye sahihi

Emmanuel Tumusiime-Mutebile alizaliwa tarehe 27 Januari 1949 huko Kigezi, upande wa Kabale. Mwaka 1972 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, hapa juu ya kilima tunachokiona kila siku, na wanafunzi wenzake walikuwa wamemchagua kuwa rais wao. Mwezi wa Agosti mwaka huo Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda waondoke nchini kwa muda wa siku 90. Maelfu ya familia ziliacha nyumba, maduka na viwanda. Watu wengi walishangilia, kwa kuwa walitazamia kugawiwa mali hizo. Kijana huyu wa miaka 23 alisimama mbele ya watu akasema kwamba jambo hilo ni baya.

Baada ya kusema hivyo hakuweza kubaki. Alikimbia kwa kupitia Tanzania, akafika Uingereza, akamalizia masomo yake katika Chuo Kikuu cha Durham, kisha akaendelea Oxford. Baadaye alirudi Afrika Mashariki akafundisha na kusoma Dar es Salaam. Amin alipoangushwa mwaka 1979, alirudi nyumbani akaanza kazi serikalini. Mwaka 1992 alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha na mlinzi wa hazina ya nchi. Tarehe 1 Januari 2001 akawa Gavana wa Benki Kuu, na hakuna aliyekaa katika kiti kile muda mrefu kuliko yeye. Mzee wetu alistaafishwa na vita. Gavana hakuwahi kustaafu. Alikuwa katika muhula wake wa tano mauti yalipomkuta hospitalini Nairobi tarehe 23 Januari 2022, siku 4 kabla ya kutimiza miaka 73. Alizikwa kwao Kabale.

Wapendwa, hatumweki mtu huyu mahali pa watakatifu. Tunamtazama kama Bwana wetu alivyowaambia wanafunzi wake wamtazame wakili katika Luka 16, ili tujifunze jambo kuhusu amana. Tena tutamtazama pamoja na mzee wetu, maana mmoja alishika hazina ya taifa, na mwingine, alipofika Kampala, alishika daftari la kurasa 96. Mbele za Mungu mtihani wao ulikuwa mmoja.

Jambo la kwanza: Aliitetea mali ya mgeni kabla hajapewa mali ya kutunza

Tukisoma Luka 16:12 tunaona Bwana akiuliza swali gumu: kama hatukuwa waaminifu katika kitu cha mtu mwingine, nani atatupa kilicho chetu? Kijana wa Makerere aliulizwa swali hilo mapema. Mali iliyokuwa inachukuliwa haikuwa yake, na waliokuwa wanafukuzwa hawakuwa ndugu zake. Angeweza kunyamaza, amalize masomo yake, apate kazi nzuri. Kinywa chake kilimtia ukimbizini.

Sisi tuliofukuzwa tunajua bei ya jambo hili. Siku tulipotoka, wako majirani waliofunga madirisha. Wako waliongoja tufike kwenye kona ya barabara ndipo waje kuchukua mabati. Lakini wako pia wachache waliosema, "Msiwafanyie hivyo watu hawa," na wengine wao walilipa kwa damu. Hao tunawaombea mpaka leo. Katika Kumbukumbu la Torati 10:18-19 tunafundishwa kwamba Mungu anampenda mgeni, anampa chakula na nguo, na anataka watu wake wampende vivyo hivyo, kwa sababu wao nao walikuwa wageni Misri. Basi tujiulize: hapa tulipo, anapodhulumiwa mtu asiye wa kabila letu, sisi tunafanyaje? Msudani akisingiziwa wizi bombani, Mkongo anamtetea? Mnyarwanda akinyimwa zamu yake, Mrundi anafungua kinywa? Tukitaka kutetewa na wenyeji, tuanze kwa kuteteana.

Jambo la pili: Fedha ni amana, na akiharibu mwenye kuitunza, maskini ndiye wa kwanza kulia

Wako wapendwa wanaodhani kwamba habari za fedha si habari za madhabahuni. Sisi tuliokulia Zaire hatuwezi kusema hivyo. Tunakumbuka mwaka 1993. Januari mwaka ule askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, wafanyabiashara wakazikataa, askari wakaingia mitaani Kinshasa wakapora na kuua. Mwezi wa Oktoba ikaletwa fedha nyingine, zaire mpya, na moja yake ilibadilishwa kwa milioni 3 za zamani. Hesabu kidogo, mpendwa: mama aliyeweka milioni 3 chini ya godoro aliamka ana moja. Hakuibiwa na mwizi wa usiku. Aliibiwa na watu walioketi mahali pa kutunza thamani ya makuta yake, wao wakaichezea.

Mzee wetu alikuwa upande wa pili wa dirisha la benki siku zile. Alituambia kwamba yaliyomwumiza zaidi yalikuwa macho ya wajane waliokuja na vitabu vyao vya akiba, hakuna cha kuwapa. Alisema tangu siku zile aliacha kuhesabu noti kama karatasi. Kila noti aliona uso wa mtu.

Hapa Uganda nako tuliokuwapo mwaka 2011 tunakumbuka. Mfumuko wa bei ulifika kiasi cha asilimia 30 mwezi wa Oktoba. Sukari ilipanda mpaka akina mama wakawa wanainunua kwa kijiko. Benki Kuu chini ya Mutebile ilipandisha riba yake mpaka asilimia 23, na wenye mikopo walilia, na kilio chao kilikuwa cha haki. Lakini mwaka uliofuata bei zilitulia. Msimamizi wa fedha hupimwa katika saa ya namna hiyo, anapotakiwa kufanya jambo lisilompa makofi.

Ndiyo maana Yusufu ni mfano mkubwa kwetu. Alikuwa mgeni, mtumwa, mfungwa asiye na wakili, naye Mungu akamweka juu ya ghala za Misri. Katika miaka 7 ya shibe aliweka sehemu ya tano ya mazao. Fikirini jinsi watu walivyomnung'unikia! Ghala zimejaa, shamba limejaa, na huyu mgeni bado anakusanya. Njaa ilipokuja, manung'uniko yalikwisha. Wahenga walisema akiba haiozi. Yusufu aliliishi neno hilo, na mataifa yakala.

Jambo la tatu: Kila mwenye amana atatoa hesabu

Tuseme kweli yote, maana mahubiri ya msiba yenye sifa tupu hayamsaidii aliye hai. Kazi ya Gavana haikukosa lawama. Mwaka 2019 kamati ya Bunge la Uganda ilitoa ripoti iliyoikosoa Benki Kuu juu ya namna benki 7 zilivyofungwa katika miaka mbalimbali, nyingine kabla hajawa Gavana na nyingine yeye akiwapo. Maofisa waliitwa, wakaulizwa nyaraka, wakatakiwa waeleze. Mtu mwenye sahihi juu ya kila noti ya nchi, naye aliulizwa. Katika Luka 16:2 yule tajiri alimwita wakili wake akamtaka alete hesabu ya uwakili wake. Hakuna cheo kisichofikiwa na wito huo.

Sasa tugeuke kwetu, hapo panapouma. Mnajua kwamba tulikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa. Tulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zilitakiwa kukaa kwa watu watatu wa nyumba tatu. Mnajua pia kilichotokea. Usiku mmoja, wiki chache kabla ya kugawana, aliyetunza sanduku aliondoka nalo, na hatujamwona tena. Ada za shule zilikuwa mle. Nauli ya mgonjwa ilikuwa mle. Tangu siku ile hatujaweka tena pamoja, na kila mama anaficha chake anapojua.

Tumemlaumu sana mtu yule, na kosa lake ni lake. Lakini leo tunaungama mbele yenu lililo letu sisi viongozi. Funguo zote tatu zilikuwa katika nyumba moja. Mwanzoni mmoja alisafiri akaacha wake pale. Kisha wa pili akaona ni usumbufu kuja na kurudi kila Jumapili. Sisi tulijua, tukanyamaza, tukasema, "Ni mtu wa Mungu, hakuna shida." Mzee wetu alituonya mara mbili. Alisema kufuli ya tatu haiwekwi kwa sababu watu ni wabaya. Inawekwa ili mtu mwema asijaribiwe akiwa peke yake usiku, mtoto wake ana homa na sanduku liko chini ya kitanda. Hatukumsikia. Tunaomba msamaha kwenu, hasa kwa akina mama ambao watoto wao walirudishwa nyumbani muhula ule.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tuliikuta hai kwetu.

Jambo la nne: Uaminifu huanza nyumbani

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba anayetaka kulisimamia kanisa aangaliwe kwanza anavyoisimamia nyumba yake. Gavana ameacha mjane na watoto waliomlilia, nasi nyumba yake tunawaachia wenyewe, Mungu awafariji. Sisi tuseme habari za nyumba tuliyoingia, ya mzee wetu.

Ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Mzee hakuwa na pensheni, kwa sababu pensheni haivuki mpaka ikimfuata mkimbizi. Mtu aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya benki akiwa na tai shingoni, hapa Kampala alianza kwa kuwaandikia wauza vitenge hesabu zao, akilipwa shilingi elfu mbili, siku nyingine akilipwa ndizi. Wako wanaume walioanguka katika shimo hilo. Aibu ya kushuka iliwaingiza katika pombe, au ikawafanya wakali kwa wake zao, au wakaondoka asubuhi kutafuta kazi wasirudi. Hatuwahukumu, tumewazika baadhi yao, tunawatafuta wengine. Lakini mzee huyu alishuka bila kuiangusha nyumba yake.

Kila Jumamosi jioni aliwaita mkewe, watoto na wajukuu, akafungua daftari. Kilichoingia kilisomwa kwa sauti. Kilichotoka kilisomwa kwa sauti. Pesa zikitumwa na ndugu kwa simu, ujumbe ulisomwa mbele ya wote, na mama wa nyumba ndiye aliyejua namba ya siri. Mtoto wa miaka 8 alijua kodi ya nyumba ni kiasi gani, na kwa sababu alijua, hakulia akinyimwa soda. Mjukuu mmoja alituambia wakati wa matanga kwamba alidhani familia zote hufanya hivyo, mpaka alipokwenda kwa rafiki yake akasikia baba na mama wakipigana kwa sababu ya pesa iliyofichwa ndani ya kiatu.

Akina baba, tusemezane. Wangapi kati yetu tuna namba ya siri ambayo mke haijui? Wangapi tumepokea msaada, tukasema umekuja nusu? Kristo ametusamehe, lakini Zakayo aliposamehewa alirudisha mara nne. Turudi nyumbani tukaseme ukweli.

Tena tumtazame Yusufu mara nyingine. Baada ya kulisha Misri yote hakusahau mlango wake. Alimpa baba yake na ndugu zake mahali pa kukaa, akawapa chakula kwa kadiri ya watoto wao, hata wale ndugu waliomwuza. Katika Mwanzo 41 mtoto wake wa kwanza alimwita Manase, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu zake, na wa pili Efraimu, kwa kuwa Mungu alimpa uzao katika nchi ya mateso yake. Watoto wake wote wawili walizaliwa ugenini, na majina yao yalikuwa ushuhuda. Ndivyo ilivyo kwa watoto wetu waliozaliwa Kampala na Nakivale, ambao Kongo, Burundi, Rwanda na Sudani Kusini wanazijua kwa hadithi tu. Watarithi nini kwetu? Mashamba tuliyaacha. Nyumba zimechomwa. Urithi unaoweza kuvuka mpaka bila kukaguliwa ni jina jema na desturi ya kweli.

Tufanye nini?

Mzee wetu alipokuwa mgonjwa tulimtembelea tukamwuliza ana neno gani kwa kanisa. Tulitazamia atasema habari za mbinguni. Akasema, "Fungueni sanduku." Tukadhani anaweweseka. Akarudia, "Nunueni sanduku jingine. Msiwaache akina mama peke yao na magodoro yao. Kufuli tatu, nyumba tatu, na daftari lisomwe kwa sauti."

Basi, wapendwa, baada ya kuomba na kushauriana, wazee wa kanisa wamekubali. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, tutaanza upya hapa Kampala. Hatutalazimisha mtu. Anayeogopa, tunaielewa hofu yake, na aje aketi tu asikilize. Funguo zitakaa na mama mmoja, kijana mmoja na mzee mmoja, wa makabila matatu na mitaa mitatu. Mchungaji hatashika ufunguo wala sanduku. Daftari litasomwa kila juma, na hata mtoto akiuliza atajibiwa. Ndugu zetu wa makambini, tunawasihi nanyi mwangalie funguo zenu ziko wapi leo.

Waliopoteza akiba zao katika sanduku la kwanza, tunajua hatuwezi kuwarudishia zote mara moja. Sehemu ya kumi ya sadaka ya kila Jumapili itatengwa kwa ajili yenu, kwa orodha iliyokuwamo katika daftari la mzee, maana yeye alikuwa ameandika nakala yake, kila jina na kila shilingi, hatujui. Aliiacha ndani ya Biblia yake. Hivyo ndivyo mtu wa benki alivyoliaga kanisa.

Na tuombe. Ee Mungu wa Abrahamu, mgeni mkuu, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako uliyemtwaa, na kwa ajili ya kila mkimbizi uliyemkabidhi kitu akakitunza. Uwafariji wajane na yatima. Umrudishe kwa toba aliyetukosea, naye akirudi utupe mioyo ya kumpokea. Utusamehe sisi tulionyamaza. Uzilinde nyumba zetu na uongo wa fedha. Na siku utakapotuita tutoe hesabu, tukutwe daftari liko wazi. Katika jina la Yesu, amina.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.

Ni sisi watumishi wenu katika shamba la Bwana, Kampala.